Asiyekula nyama Nakuru hatalala njaa, mradi aulize

"Daktari, sasa nitakuwa nikila wapi?"

Hilo ndilo swali ninaloulizwa mara kwa mara katika chumba changu cha matibabu hapa Nakuru. Huniuliza mzee mwenye jongo niliyemwambia apunguze nyama. Huniuliza mama mwenye shinikizo la damu, na muumini wa Kisabato aliyeamua kuyafuata kikamilifu mafundisho ya kanisa lake kuhusu afya. Siku hizi huniuliza pia vijana, hasa wanafunzi wa vyuo, ambao wameacha si nyama peke yake bali pia samaki, maziwa, mayai, siagi na hata asali. Huko Uingereza watu wa namna hiyo walijipatia jina lao mwaka wa 1944, wakati Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao. Sisi hatujakubaliana juu ya jina moja. Kwa hiyo katika makala haya nitawaita walaji mimea, nikimaanisha watu wasiokula kitu chochote kitokacho kwa mnyama.

Swali lao lina msingi. Mji wetu ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini mgeni anayekuja huku bado hukaribishwa kwa nyama. Akitoka Nairobi, akishapita tu Gilgil, moshi wa nyama choma ya Kikopey humwingilia dirishani. Akiendelea kuelekea Eldoret, Salgaa inamngoja na majiko yake. Isitoshe, hapa Bonde la Ufa mgeni wa heshima huchinjiwa, na mwanariadha anayerudi na ushindi hupokewa kwa kibuyu cha mursik. Kukataa nyama au maziwa mbele ya watu ni kama kumkataa aliyekukaribisha.

Hata hivyo, mimi nasema kwamba Nakuru ni mahali rahisi sana kwa mlaji mimea kuishi. Chakula chake kipo, tena kwa bei ya mwananchi wa kawaida, na sehemu kubwa ya chakula hicho ilikuwapo kabla ya sisi kuzaliwa. Yanayokosekana ni mambo mawili: mazoea ya kuuliza kilichomo ndani ya sufuria, na vitamini moja ambayo sufuria hiyo haina. La kwanza likikosekana, utakula usichokusudia. La pili likikosekana, unaweza kushindwa kutembea. Sisemi hivi ili kukutisha, mpenzi msomaji. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu, na nitalieleza hapa chini.

Pa kula

Wengi hudhani kwamba asiyekula nyama lazima atafute hoteli kubwa yenye vitambaa mezani. La hasha! Aanzie sokoni. Karibu na soko la Wakulima, na karibu na kila soko la mitaani, kuna vibanda ambavyo sufuria zake hazipungukiwi githeri, maharagwe, ndengu, kamande na minji. Asubuhi kuna uji wa wimbi, nduma na viazi vitamu. Mchana kuna mukimo, wali, ugali, sukuma wiki na kabeji. Bonde la Ufa ni ghala la nchi: viazi hutoka Molo na Mau Narok, kabeji na karoti hushuka kutoka Kinangop, na mboga huletwa kutoka Bahati na Subukia. Ingekuwa ajabu mtu kulala njaa katikati ya shehena hiyo kwa sababu tu amekataa kipande cha nyama.

Wala asidhani kwamba anakula chakula cha maskini kisicho na nguvu. Protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu ambayo protini ya maharagwe inayo kwa wingi, na kile maharagwe yanachopungukiwa, mahindi huongeza. Vikipikwa pamoja, kama bibi zetu walivyopika githeri, mwili hupata protini iliyo kamili. Ndivyo ilivyo pia kwa chapati na ndengu, au wali na kamande. Kijana anayeona haya kuagiza githeri mbele ya wenzake, kisha akaagiza chipsi, amekimbilia sahani iliyo duni zaidi.

Mahali pa pili ni hoteli za Kihindi. Wahindi wamekuwa miongoni mwetu tangu enzi za reli, na wengi wao hawali nyama kwa sababu ya dini. Upishi wao wa dengu, mbaazi, bamia, biringanya na viazi una ladha ambayo sisi wengine hatujajifunza. Lakini kuwa mwangalifu: Mhindi asiyekula nyama aghalabu hunywa maziwa. Dengu huweza kumaliziwa kwa samli, mchuzi ukatiwa mtindi au jibini, na mkate ukapakwa siagi. Mwambie mhudumu mapema kwamba unataka mafuta ya mimea tu. Tahadhari hiyo hiyo inahusu hekalu la Masingasinga, ambako kila mtu hupewa chakula bure bila kuulizwa dini yake, jambo ambalo wasafiri wa barabara ya Mombasa wanalijua vyema kutokana na hekalu la Makindu. Nyama hutaikuta, lakini chai itakuwa na maziwa.

Ukisafiri hadi Nairobi, tafuta hoteli za Waethiopia uagize chakula cha mfungo. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa na siku nyingine nyingi za mwaka, na chakula chao cha siku hizo hakina nyama, maziwa wala mayai. Sijui ni wapishi gani wengine katika eneo letu la Afrika Mashariki wenye uzoefu mkubwa kama huo wa kupika mimea peke yake.

Maswali matatu

Sasa tuje kwenye sufuria yenyewe. Mwezi uliopita niliketi katika kibanda kimoja ninachokipenda, nikamwuliza mwenyewe:

"Mama, haya maharagwe umeyapika na nini?"

"Na nyanya, kitunguu na dania tu, daktari."

"Hakuna kitu kingine?"

"Hakuna. Nimeongeza tu kijiko cha supu ya mifupa, yashike ladha."

Hakuwa akinidanganya. Kwake yeye nyama ni kipande unachokitafuna, na supu ni kiungo kama chumvi. Ndiyo sababu haifai kuuliza, "Je, kuna nyama?" Uliza mambo matatu, tena kwa upole.

Kwanza, je, sufuria imetiwa supu, mafuta ya mnyama au viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama?

Pili, je, kuna maziwa, krimu, siagi au mayai? Swali hili ni muhimu sana huku kwetu kwa sababu managu, saga, kunde na terere mara nyingi hulainishwa kwa maziwa au krimu ili kuondoa uchungu. Mukimo huenda ukatiwa siagi, mandazi yakakandwa kwa maziwa na mayai, na chapati nazo hutegemea mpishi. Ama chai, ukisema "chai" tu utaletewa ya maziwa. Sema "strungi".

Tatu, je, umetia magadi? Swali hili halihusu mnyama, linahusu afya. Magadi hulainisha maharagwe na mboga upesi na kupunguza gharama ya makaa, lakini huharibu baadhi ya vitamini na kuongeza sodiamu, ambayo ni adui wa mwenye shinikizo la damu. Magadi pia huwa na floraidi, nasi watu wa Bonde la Ufa tayari tunainywa ya kutosha katika maji ya visima, kama meno ya wengi wetu yanavyoshuhudia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva vizuri bila magadi.

Nikiwa hapo, niongeze onyo moja. Si kila kisichotoka kwa mnyama ni chema. Chipsi, bhajia, viazi karai na soda havina nyama wala maziwa, na bado nimewatibu watu walionenepa na kupata kisukari kwa kuvitegemea. Mafuta ya karai yaliyochemshwa tangu asubuhi hayawi dawa kwa sababu yametoka kwenye mmea.

Si jambo geni

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Historia haikubaliani nao. Mwaka wa 1931, John Boyd Orr wa Uskochi na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya matibabu hapa Kenya, walichapisha uchunguzi wao juu ya chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu. Wamaasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu waliishi hasa kwa nafaka, viazi na jamii ya maharagwe. Kwa hiyo kula mimea si desturi iliyoletwa na ndege juzi.

Lakini tusichague tu sehemu inayotupendeza. Uchunguzi huo huo uliwakuta wanaume wa Kimaasai wakiwa warefu zaidi na wenye nguvu zaidi, na upungufu wa damu ukaonekana zaidi kwa Wakikuyu. Tofauti kati ya wanawake wa makabila hayo mawili ilikuwa ndogo kuliko ile ya wanaume, na wanawake wa Kikuyu ndio waliokula majani ya mboga kwa wingi. Funzo ninalolipata mimi ni kwamba chakula cha mimea kinaweza kumjenga mtu, ila si kila chakula cha mimea. Nafaka peke yake haitoshi.

Utafiti wa karibuni nao una pande mbili. Mwaka wa 2013, uchunguzi wa Wasabato zaidi ya 73,000 wa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba wale waliojiepusha na nyama, kwa viwango mbalimbali, walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 12 katika muda waliofuatiliwa, wakilinganishwa na wenzao waliokula nyama. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2020 uliwakuta walaji mimea wakivunjika mifupa mara nyingi zaidi kuliko wala nyama, hasa mfupa wa nyonga. Daktari anayekutajia habari ya kwanza bila ya pili hajakutendea haki.

Mwalimu aliyeshika ukuta

Sasa niwaeleze kuhusu kosa langu. Alikuja kwangu mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 34, ambaye alikuwa ameacha nyama, maziwa na mayai kwa muda wa miaka 5. Alilalamika juu ya uchovu na kizunguzungu. Nilipompima, damu yake ilikuwa chini. Nikamwuliza anakula nini, akanijibu kwa fahari: githeri, ndengu, sukuma wiki, parachichi na machungwa. Nikamsifu. Nikamwandikia vidonge vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, nikamwambia arudi baada ya miezi mitatu.

Alirudi damu ikiwa imepanda, tukapongezana. Lakini alipoinuka kwenda zake nilimwona akishika ukuta.

"Mwalimu, mbona unashika ukuta?"

"Ah, daktari, ni miguu tu. Inakufa ganzi. Usiku, stima ikipotea, sijui mguu wangu uko wapi. Nilidhani ni viatu."

Nikarudi kwenye karatasi ya kwanza ya maabara. Chembe zake nyekundu za damu zilikuwa kubwa kupita kiasi. Ilikuwa imeandikwa wazi, nami sikuisoma kwa makini. Mwalimu alikuwa amepungukiwa na vitamini B12. Asidi ya foliki niliyompa ilikuwa imeirekebisha damu na kuuficha ugonjwa, huku mishipa ya fahamu na uti wa mgongo ukiendelea kuumia kimyakimya. Nilimwanzishia sindano siku hiyo hiyo. Leo anatembea vizuri na hashiki ukuta, ila vidole vya miguu havijapata fahamu yake yote, na sidhani kwamba vitaipata.

Vitamini hiyo ni nini? Hutengenezwa na vijidudu, na sisi huipata kupitia nyama, samaki, maziwa na mayai. Mtu mzima huhitaji kiasi kidogo mno, maikrogramu 2.4 hivi kwa siku, na ini huweka akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa. Hapo ndipo mtego ulipo. Anayeacha vitu vya wanyama leo atajisikia vyema mwaka huu na mwaka ujao, naye ataamini kwamba hahitaji chochote. Akiba inapokwisha, dalili huja polepole: uchovu, ulimi unaouma, ganzi ya miguu na mikono, kusahausahau, huzuni isiyo na sababu. Na kwa kuwa sukuma wiki na maharagwe yana foliki kwa wingi, chakula chenyewe kinaweza kuchelewesha dalili za damu ambazo zingetuamsha mapema.

Wengine huniambia kwamba wanaipata kwa uyoga, kwa mwani, au kwa kutoosha mboga sana. Tafadhali! Uyoga na mwani si vya kutegemewa, na udongo wa shambani utakupa minyoo na homa ya matumbo kabla ya kukupa vitamini. Osha mboga zako kwa maji safi.

Dawa ni rahisi. Mlaji mimea mzima mwenye afya atumie vidonge vya B12, angalau maikrogramu 10 kila siku, au maikrogramu 2,000 mara moja kwa wiki. Yule ambaye tayari ana ganzi au upungufu wa damu asijitibu dukani. Aje apimwe, na amwambie daktari wazi kwamba hali vitu vya wanyama. Mwenye kisukari anayemeza metfomini ajue kwamba dawa hiyo nayo hupunguza B12 mwilini, kwa hiyo akiacha nyama na maziwa yuko katika hatari mara mbili. Asiache dawa yake, bali aombe kupimwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasikose vidonge hivyo hata kidogo, kwani mtoto hutegemea akiba ya mama, na ubongo wake haungoji. Na mzazi asimwachishe mtoto mchanga maziwa na mayai bila kwanza kuzungumza na daktari au mtaalamu wa lishe.

Yaliyosalia yanapatikana sahanini. Kwa madini ya chuma, kula maharagwe na ndengu pamoja na kachumbari iliyokamuliwa ndimu, au chungwa baada ya chakula, na usinywe chai hadi ipite saa moja, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Kwa mifupa, sukuma wiki ni chanzo kizuri cha kalisiamu, wakati ile ya spinachi hukwama kwa kiasi kikubwa bila kutumika. Ongeza simsim na njugu zisizo na ukungu.

Ombi langu

Nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye hoteli. Mna ubao ambao kila asubuhi mnaandika chapati, ndengu, githeri na bei zake. Ongezeni maneno machache: "bila supu", "bila maziwa". Hayawagharimu kitu, na yatamfaa si mlaji mimea peke yake bali pia mtu ambaye maziwa humsumbua tumbo, ambao ni wengi kuliko mnavyodhani.

La pili ni kwa madaktari wenzangu na wauguzi. Mgonjwa akikwambia amepungukiwa na damu, mwulize anakula nini, na akikwambia hali nyama wala maziwa, usimsifu wala usimcheke. Soma karatasi ya maabara hadi mwisho, na usimpe asidi ya foliki kabla ya kuifikiria B12. Mimi nililijua somo hilo tangu chuoni, na bado nililisahau siku ambayo mwalimu alilihitaji.

Mwalimu huyo bado hali nyama wala maziwa. Huo ni uamuzi wake na ninauheshimu. Kila Jumapili humeza kidonge chake. Mchana hula katika kibanda kilicho karibu na shule yake. Mwenye kibanda, baada ya kuulizwa na kueleweshwa, sasa huteka maharagwe yake katika sufuria ndogo ya pembeni kabla ya kuongeza supu katika ile kubwa. Walimu wengine wanne wameanza kula kutoka sufuria hiyo ndogo.